Falafel ya Kuoka: Afya Huanza Kwenye Maji, Si Kwenye Jiko

Miongoni mwa vyakula vilivyovuka mipaka ya nchi vilikozaliwa na kupata uraia katika kila pembe ya dunia, falafel imo katika safu ya mbele. Huuzwa vichochoroni Cairo na Beirut, hupatikana London na Nairobi, huliwa na tajiri na maskini. Na kwa kuwa haina nyama, maziwa wala yai, haimbagui mlaji kwa dini yake. Siku hizi yatajwa sana pia na watu wanaojali afya zao, hasa ile inayookwa badala ya kukaangwa.

Tumeona yafaa kulieleza jambo hili kwa ukamilifu, kwani aghalabu maelezo yanayotolewa huishia kwenye neno moja tu: "oka". Msomaji haambiwi kwa nini vitonge vyake humeguka, kwa nini huwa vikavu kama udongo wa kichuguu, wala haambiwi kwamba akibadilisha punje pasipo maarifa aweza kuwatia maradhi watu wa nyumbani mwake. Oveni peke yake haimpi mtu afya. Afya ya chakula hiki huanza mapema zaidi, usiku wa kuamkia siku ya mapishi, ndani ya bakuli la maji.

ASILI NA UJAMAA WAKE

Wamisri huiita taamia, na kwao hutengenezwa kwa ful, yaani yale maharage mapana yaliyokaushwa na kubanduliwa maganda, yakachanganywa na majani mabichi mengi hata ndani ya kitonge kukawa kijani. Nchini Lebanoni, Syria, Jordan na Palestina, hutengenezwa zaidi kwa dengu. Wengi hukubali kwamba Misri ndiko ilikoanzia. Yapo masimulizi kwamba Wakristo wa Kikopti ndio walioianzisha ili wapate chakula cha kuwashibisha wakati wa mfungo. Masimulizi hayo hayana ushahidi wa maandishi ya kale, lakini hayakosi mantiki, maana Wakopti huwa na mifungo ya zaidi ya siku 200 kwa mwaka, ambapo hawali vitu vitokanavyo na wanyama. Jina lenyewe wengi hulihusisha na neno la Kiarabu filfil, maana yake pilipili, na mwenye kusema Kiswahili hatashindwa kuusikia ujamaa uliopo hapo.

Wala sisi wa huku hatuko mbali na mapishi haya. Bajia za kunde za Mwambao, ambazo punje zake hurowekwa, hubanduliwa maganda, husagwa zikiwa mbichi na kisha kukaangwa, ni ndugu wa damu wa taamia ya Misri. Mama anayejua kupika bajia za kunde amekwisha kuijua nusu ya kazi hii. Iliyobaki ni kujua tofauti, na sababu za tofauti hizo.

Kabla ya kuendelea, yatupasa kuondoa utata wa jina. Dengu tunayoitaja hapa ni ile punje ya rangi ya majani makavu, iliyo kubwa kuliko kunde, yenye mikunjo na kidomo kama cha ndege. Hulimwa kwa wingi Ethiopia, ambayo huongoza Afrika kwa zao hili, na pia Tanzania katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Isichanganywe na ile punje ndogo ya kijani ambayo wengine huiita ndengu na wengine choroko. Wala haufai unga wa dengu ulio tayari, ule wa kupikia bajia za viazi, kwani huo ni mapishi mengine kabisa.

KWA NINI TUOKE?

Maradhi ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoua watu wengi kuliko maradhi mengine yote duniani. Nyumba nyingi leo zina mzee anayemeza vidonge vya shinikizo la damu, au ndugu mwenye kisukari, naye huketi mezani pamoja na watoto na kula kutoka sinia moja. Mpishi wa nyumba kama hiyo hawezi kupika vyungu viwili kila siku. Ahitaji chakula kimoja kiwafaacho wote.

Gramu moja ya mafuta huupa mwili kalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kalori 4 tu. Falafel iliyokaangwa kwa desturi, katika kila gramu 100, ina mafuta yapatayo gramu 18 na kalori zipatazo 330. Sehemu kubwa ya mafuta hayo haikutoka katika dengu, bali katika karai. Kwa njia ya kuoka tutakayoieleza, vijiko vitatu vya mezani vya mafuta, yaani gramu 40 hivi, hutosha vitonge 24. Kila kitonge hupata mafuta yasiyofika gramu 2. Mtu aliyekula vitonge sita atakuwa amepata gramu 10 za mafuta yaliyoongezwa na mpishi, pamoja na gramu 12 hivi za protini.

Haki yadai tuseme pia kwamba kukaanga si dhambi. Mafuta mapya yaliyopata moto barabara hukausha ngozi ya kitonge upesi. Madhara huzidi pale mafuta yale yale yanapotumiwa leo, kesho na keshokutwa, hata yakawa meusi na kutoa moshi mkali. Lakini ni nani atakayemwaga lita nzima ya mafuta kila baada ya mlo mmoja? Hapo ndipo kuoka kunapoifaa nyumba: mafuta ni machache, ni mapya kila mara, na mfuko haulalamiki.

SIRI YA DENGU MBICHI

Kosa kubwa linalofanywa na wengi ni kuchemsha dengu kwanza, au kufungua kopo la dengu zilizokwisha kupikwa, wakidhani wanajirahisishia kazi. Wanga ulio ndani ya punje iliyopikwa umekwisha kuvimba na kulainika, hauna tena nguvu ya kushika. Mchanganyiko huwa rojo, mpishi huongeza unga ili uweze kushikika, na mwishowe hupata kitu kizito mfano wa ugali uliolala.

Punje iliyorowekwa tu, bila kupikwa, ina wanga ambao bado haujafunguka. Ikisagwa na kutiwa katika moto, wanga huo huvimba hapo hapo ndani ya kitonge na kuzishikamanisha chenga pamoja, hata kitonge kikasimama bila yai na bila unga. Kwa hiyo maji ya kurowekea si hatua ya matayarisho tu. Ndiyo yanayofanya kazi ambayo mpishi mwenye haraka huitafuta katika unga.

Kuroweka kuna faida nyingine. Baadhi ya sukari zinazoleta gesi tumboni huyeyuka katika maji hayo, nasi huyamwaga. Ndiyo sababu maji ya kurowekea hayatumiwi tena katika mapishi.

SI KILA PUNJE HUFAA

Hapa twamwomba msomaji asome kwa utulivu, kwani ndipo penye hatari. Mtu akikosa dengu sokoni asiseme, "Maharage nayo ni jamii ile ile," kisha akaroweka maharage mekundu, akayasaga mabichi na kuyaoka. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili ambayo huondolewa kwa kuchemshwa katika maji yanayotokota barabara. Punje nne au tano tu zisizoiva zaweza kumfanya mtu atapike na kuharisha vibaya. Moto wa polepole usiofikia kiwango cha kutokota hauiondoi sumu hiyo, na yaweza hata kuongezeka. Ndani ya kitonge kinachookwa hakuna anayeweza kuhakikisha kwamba joto lilifika na kudumu inavyotakiwa. Maharage yabaki katika sufuria yake.

Tahadhari ya pili yahusu ful ya Wamisri. Wako watu ambao damu yao kwa kuzaliwa ina upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Hali hiyo wanayo watu wapatao milioni 400 duniani, nayo imeenea zaidi katika nchi zenye malaria, kwa kuwa humpa mwenye nayo kinga ya kiasi dhidi ya maradhi hayo. Lakini mtu huyo akila maharage mapana, chembe nyekundu za damu yake zaweza kupasuka ghafla: macho huwa ya manjano, mkojo huwa mweusi, nguvu humwishia. Watoto, hasa wa kiume, ndio huathirika zaidi. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali mara moja. Kwa sababu hiyo sisi twashauri falafel ya nyumbani katika nchi zetu iwe ya dengu.

Aliyekosa dengu na atumie kunde. Hizo tumezizoea kwa bajia, vizazi na vizazi, nazo huokwa kwa njia hii hii.

MAHITAJI

Kwa watu wanne, yaani vitonge 24, tayarisha vitu hivi:

Dengu kavu gramu 250. Kitunguu maji kimoja kikubwa. Punje nne za kitunguu saumu. Fungu kubwa la majani ya giligilani, ambayo wengine huyaita kotimiri na wengine dania. Ukipata na majani ya paseli, changanya nusu kwa nusu. Vijiko viwili vya chai vya bizari ya pilau iliyosagwa, na kimoja cha mbegu za giligilani zilizosagwa. Pilipili manga kidogo, na pilipili mbichi kwa aipendaye. Chumvi kijiko kimoja cha chai, kisichojaa. Magadi soda, yale ya kupikia maandazi, nusu kijiko cha chai. Ufuta vijiko viwili vya mezani, ukipenda. Mafuta ya alizeti au ya zeituni vijiko vitatu vya mezani.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima. Kijiko chetu kimoja, kikigawanywa kwa watu wanne, humpa kila mmoja gramu moja na ushei. Mwenye kuzidisha hapa hupoteza faida aliyoipata kwa kupunguza mafuta. Utamu na utoke katika bizari, majani mabichi na ndimu.

UTENGENEZAJI

Kwanza, chagua dengu, toa mawe, zioshe, kisha ziroweke katika maji yanayozifunika mara tatu ya kimo chake. Ziache saa 12 hadi 18. Penye joto kali, badili maji mara moja au mbili, au weka bakuli ndani ya friji, ili zisichache. Dengu zilizoiva kwa maji huwa na uzito wa karibu mara mbili, na ukiibana punje kwa kucha hukatika bila kutoa chenga ngumu katikati.

Pili, zichuje na uzikaushe kwa kitambaa safi. Maji yaliyobaki juu ya punje ni adui wa kitonge. Majani nayo, yakisha kuoshwa, yakung'utwe vizuri.

Tatu, saga dengu pamoja na kitunguu, kitunguu saumu na majani. Mashine ya kusagia nyama yafaa, kinu chafaa, na mashine ya umeme yafaa pia mradi isiachwe izunguke mno. Kinachotakiwa ni chenga kama za mchele uliovunjika, zinazoshikana ukizifumbata kiganjani. Ukisaga hata ikawa laini kama uji, kitonge kitakuwa kizito; ukiacha punje nzima nzima, kitameguka.

Nne, tia viungo, chumvi na ufuta, changanya, kisha funika na uweke mahali pa baridi kwa muda wa nusu saa hadi saa moja, ili unyevu uenee. Magadi soda yatiwe mwisho, wakati tanuri limekwisha kupata moto.

Tano, washa oveni nyuzi 200 za Selsiasi, na sinia liwe ndani likipata moto. Fanya vitonge bapa vyenye unene wa sentimita moja na nusu, wala si mviringo kama mpira. Sababu ni hii: katika karai mafuta hukizunguka kitonge pande zote kwa mara moja, lakini katika oveni joto la hewa huingia polepole, na kitonge cha mviringo hukauka nje kabla hakijaiva ndani.

Sita, toa sinia, lipake sehemu ya mafuta, panga vitonge, na uvipake juu mafuta yaliyobaki. Visikie vikichemka kidogo viligusapo sinia. Hapo ndipo ngozi ya chini hujengeka. Oka dakika 12 hadi 15, vigeuze kwa uangalifu, kisha oka dakika 12 nyingine. Vikiwa na rangi ya dhahabu iliyokolea, vitoe. Visifike weusi, kwani vyakula vya wanga vinapobabuka hujitengenezea kemikali zisizofaa mwilini. Na hata bila ya hayo, vingekuwa vikavu.

Ukavu ndio lawama kuu ya falafel ya kuoka, na dawa zake ni tatu: majani na kitunguu vya kutosha, kutoka jikoni kwa wakati, na mchuzi wa kuchovyea. Changanya kikombe cha maziwa ya mtindi na maji ya ndimu, kitunguu saumu kilichopondwa na chumvi chembe chache. Asiyetumia maziwa asage ufuta uliokaangwa kidogo bila mafuta, auchanganye na ndimu na maji hata uwe rojo jeupe.

ASIYE NA OVENI

Wengi wetu hatuna oveni ya umeme wala ya gesi, lakini waokaji wa mikate ya sinia wamekwisha kutufundisha kwamba sufuria nzito na makaa vyatosha. Tandaza mchanga mkavu na safi ndani ya sufuria kubwa, weka juu yake vijiwe vitatu, funika na uiache juu ya makaa ipate moto sawasawa. Weka sinia la vitonge juu ya vile vijiwe, funika kwa mfuniko wa bati, na upange makaa juu ya mfuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Tazama baada ya robo saa, geuza, kisha rudishia mfuniko.

Kazi hiyo ifanyike nje, au penye madirisha na milango iliyofunguliwa. Makaa yanayoungua ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo humwua mtu akiwa amelala. Hakuna chakula kinachostahili kununuliwa kwa bei hiyo.

ILIWEJE NA NINI?

Falafel huliwa ndani ya mkate bapa wa Kiarabu pamoja na nyanya, tango, kabichi au letusi iliyooshwa kwa maji safi. Chapati isiyo na mafuta mengi yafaa pia. Muungano huu wa punje na mkate una maana kubwa: protini ya dengu ina upungufu kidogo pale ambapo ya ngano imejaa, na ya ngano ina upungufu pale ambapo ya dengu imejaa. Vikiliwa pamoja, kila kimoja hukamilisha kingine. Na ndimu iliyokamuliwa juu yake husaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo katika dengu, jambo lenye manufaa kwa mama mjamzito na kwa mtoto anayekua.

Kwa mwenye kisukari, wanga wa dengu huingia katika damu taratibu kuliko ule wa mkate mweupe. Lakini asihesabu vitonge peke yake akausahau mkate alioviweka ndani yake. Wala asiache dawa zake kwa sababu amekula falafel. Chakula chema ni msaidizi wa daktari, si badala yake.

Vitonge vibichi vilivyokwisha kuundwa vyaweza kuwekwa katika friza wiki kadhaa na kuokwa siku yoyote. Mwenye kazi nyingi na aroweke dengu za kutosha siku ya mapumziko, naye atakuwa na chakula cha haraka cha juma zima.

Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2016 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa mazao ya jamii ya kunde, na tangu mwaka 2019 tarehe 10 Februari huadhimishwa kila mwaka kuwa siku ya mazao hayo. Heshima hiyo yazistahili punje ambazo bibi zetu walizijua kabla ya mkutano wowote. Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Hatumwambii mtu aache bajia za kunde kwa ajili ya chakula cha ugenini. Twasema kwamba maarifa ya Misri na ya Beirut yaweza kuingia jikoni mwetu yakakutana na yetu, nazo bajia zenyewe zikaokwa kwa vijiko vitatu vya mafuta badala ya karai lililojaa. Akina mama na akina baba, aliye tayari kwa mapishi ya kesho na aroweke dengu zake usiku huu.